Bastola, raifo na shotigani: namna ya kumaliza mashindano yako ya kwanza bila kurudishwa nyumbani

Mashindano yangu ya kwanza ya bunduki tatu, yaani kupiga shabaha kwa bastola, raifo na shotigani huku saa inahesabu, yaliishia kituo cha pili, saa tatu na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku, nimeendesha kwa muda wa saa mbili na nusu kutoka Fort Worth, nimelipa kiingilio, na mke wangu kanifungia chapati kumi na mbili. Shabaha zote za shotigani nikaziangusha, bunduki nikaitumbukiza kwenye pipa, nikachomoa bastola. Msimamizi akapiga kelele: "Simama!" Sefti ya shotigani, kile kizuizi cha usalama cha triga, nilikuwa sijaifunga, na ndani imebaki risasi moja. Basi, siku imekwisha. Chapati nilizitafuna nimekaa kwenye baridi ya kipupwe nikiwatazama wenzangu wakikimbia.

Mimi ni mtu wa Muheza, dereva wa lori hapa Texas, na kabla ya kuja huku bunduki pekee niliyowahi kuishika ni gobore la babu la kufukuzia nguruwe mihogoni. Kwa hiyo haya si maneno ya bingwa. Ni ya mtu anayemaliza katikati ya orodha na kurudi nyumbani na furaha yake.

Anza na karatasi. Kama uko Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa unaingia kwenye misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, ila majimbo yana masharti yao. Usidanganywe na rafiki wa "shika hii kidogo tu." Muulize mwanasheria kabla hujaingia uwanjani.

Mchezo wenyewe ni huu: kila kituo kina mpangilio wake wa shabaha za karatasi na za chuma, na unaambiwa shabaha zipi ni za bunduki ipi. Mlio wa kipima muda ukilia, unakimbia, unapiga, unaiacha bunduki moja kwenye pipa au juu ya meza, unachukua nyingine. Mwenye muda mdogo ndiye mbele. Katika mashindano mengi karatasi huhesabika imekufa kwa tundu moja la katikati au matundu mawili popote, na ukikosa unaongezewa sekunde. Hapo ndipo wageni wanapopoteza muda: wanatafuta tundu zuri la katikati kwenye karatasi iliyo hatua tano mbele yao. Piga mbili upesi, ondoka.

Kuna madaraja. Open inaruhusu karibu kila kikorombwezo. Tactical ndiyo yenye watu wengi, ya raifo yenye darubini moja. Heavy Metal ni ya wapenda mateso: raifo ya .308, bastola ya .45 (namba hizo ni kipenyo cha risasi kwa inchi), na shotigani ya geji 12. Kila mashindano yana kitabu chake na vitabu havifanani, hivyo pakua cha mashindano unayokwenda na ukisome ungali nyumbani. Usinunue kitu chochote kabla ya hapo. Mimi nilinunua darubini ndogo ya kufunga kwenye shotigani, nikafika nikaambiwa ile peke yake inanipeleka Open, nikashindane na watu wenye vifaa vya bei ya gari langu.

Sasa vifaa. Raifo ya aina ya AR-15 ya .223 au milimita 5.56 yenye darubini ya kukuza mara 1 hadi 6 inatosha kabisa. Mimi nimeisawazisha ipige pale ninapolenga kwa yadi 50, na kwa aina ya risasi ninazotumia, risasi inarudi tena kwenye mstari huo karibu na yadi 200, kwa hiyo katikati hapo nalenga tu bila hesabu. Ikifika yadi 400 risasi inakuwa imeshuka zaidi ya futi moja, na lazima ujue ni alama ipi ya ndani ya darubini inayofidia. Usikisie. Nenda ukapige kwenye umbali huo, uandike kwenye kikaratasi, ukibandike kwenye kitako. Bastola yoyote ya kuaminika ya milimita 9 inafaa, yenye ala ngumu inayofunika triga na kuishika bastola hata ukiruka. Ala laini za kitambaa ziache nyumbani.

Kwenye shotigani ndiko mchezo unakoamuliwa. Raifo unabadilisha magazini kwa sekunde mbili, lakini shotigani nyingi unazijaza risasi kwa mkono, kupitia tundu la chini, huku unatembea. Wazoefu wanachota nne kwa mkupuo. Risasi hupangwa kwenye mkanda mbili mbili, vichwa vikitazama chini. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, unazing'oa nne pamoja. Unaigeuza bunduki tumbo juu, unaiweka begani au kwapani, mbili za kwanza zinasukumwa na gumba mpaka usikie "tk", kisha gumba linarudi kwa mbili za pili. Mara mia za kwanza utazimwaga sakafuni. Nunua risasi za bandia zisizo na baruti, hakikisha hakuna hata moja ya kweli chumbani, fanya dakika kumi kila jioni. Mimi nafanyia gereji, kwa sababu jikoni nilishafukuzwa.

Beba risasi za aina tatu: marisau madogo namba 7½ au 8 kwa vyuma vya karibu, marisau makubwa, na zile zenye donge moja zito. Ziweke mifuko tofauti kabisa. Donge lile likipiga chuma cha karibu kilichowekwa kwa ajili ya marisau, linakiharibu, vipande vinaweza kuwarudia watu, na wewe unafungasha.

Jambo jingine linalowaumbua wageni ni sumaku. Asubuhi msimamizi anaweza kupita nayo, anaigusisha kwenye risasi zako za raifo. Ikinata, hazitumiki. Risasi zenye chuma ndani zinatoboa na kuchimba shabaha za watu, na kiangazi cha Texas cheche moja inatosha kuwasha nyasi. Nunua sumaku ya friji, pima dukani.

Utahitaji pia kigari cha kusukuma, maana bunduki tatu, risasi na maji havibebeki siku nzima. Vya dukani ni ghali. Changu ni kile kigari cha magurudumu matatu cha kukimbilia na mtoto. Mwanangu alipokua nikatoa kiti, nikafunga mabomba mawili ya plastiki ya kusimamishia bunduki. Mitutu inatazama juu, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) wazi, na kila bunduki ndefu ina kibendera cha plastiki ndani ya chemba kuonyesha ni tupu. Bastola inakaa kwenye ala, bila risasi, bila magazini. Huishiki kabisa mpaka uitwe. Ukitaka kuifuta au kuitazama, kuna meza maalumu ya usalama, na pale mezani risasi haziguswi hata za bandia.

Ukiitwa, amri ni zile zile kila mahali. Unaambiwa ujaze na ujiandae, unaulizwa kama uko tayari, unaambiwa usubiri, mlio unalia. Ukimaliza unaambiwa utoe risasi na uonyeshe. Msimamizi anachungulia chemba, unabonyeza triga kuelekea shabaha, unarudisha bastola kwenye ala, naye anatangaza uwanja ni salama. Usimtangulie hata kwa amri moja.

Yanayokufukuzisha ni machache, na hayana rufaa ya machozi. Kudondosha bunduki. Kumpitishia mtu mtutu. Risasi kutoka wakati unajaza au unahama. Kuacha bunduki yenye risasi bila sefti, ugonjwa wangu ule. Sasa kabla sijaachia bunduki nasema kwa sauti, "sefti," na kidole kinagusa. Wananicheka, lakini sijafukuzwa tena.

La mwisho ni mstari wa digrii 180. Chora akilini ukuta unaopita kifuani mwako sambamba na boma la udongo linalopokea risasi. Mtutu hauruhusiwi kurudi nyuma ya ukuta huo. Ni rahisi ukiwa umesimama. Lakini ukiwa mtu wa mkono wa kulia na unakimbilia kushoto huku unabadilisha magazini, kifua kimegeuka kushoto, mkono unaikunja bastola tumboni, na mtutu wenyewe unataka kutazama watu nyuma yako. Hapo kimbia kwanza, mtutu ukiwa umenyooka kwa shabaha, badilisha ukifika. Sekunde moja utakayopoteza haikugharimu siku.

Kama magoti yameshagoma kukimbia, kuna masafa marefu. Kwenye mashindano yaitwayo F-Class unalala chini na kupiga kwa utulivu hadi yadi 1,000. Daraja lake la F/TR ni .223 au .308 tu, na bunduki pamoja na darubini na miguu yake haizidi kilo 8.25. Mimi napenda zaidi ile ya PRS (Precision Rifle Series), ya kupiga vyuma ukiwa umeegemea ngazi, matairi au paa la kubuni, risasi kama kumi kwa dakika moja na nusu au mbili. Huko risasi haizidi kipenyo cha .30 wala kasi ya futi 3,200 kwa sekunde, kulinda vyuma. Kifuko kimoja cha mchanga cha kuegemeza bunduki kitakusaidia kuliko mtutu mpya. Ukihama kutoka mhimili mmoja kwenda mwingine, komeo liwe nyuma, chemba wazi.

Hesabu ya kufidia kushuka kwa risasi ni ya mili, kipimo cha pembe: moja ni sentimita 10 kwa mita 100, mita nzima kwa mita 1,000. Kila mlio wa kifundo cha juu cha darubini ni sehemu ya kumi ya mili. Ukimaliza kituo, kirudishe kifundo sifuri hapo hapo, kabla hujaokota magazini. Niliwahi kukiacha kwenye mili 5.4 baada ya shabaha ya mwisho ya mbali, nikaingia kituo kilichofuata, shabaha ya kwanza yadi 350. Risasi nne zilipita juu ya chuma, mtazamaji akasema hata vumbi halioni.

Kati ya zamu yako na ya mwenzako hukai kivulini. Ni msaragambo: unabandika matundu ya makaratasi, unasimamisha vyuma, unaokota maganda. Mgeni anayebandika kwa bidii atafundishwa kila kitu, na hata bunduki ataazimwa, yake ikigoma.

Jioni, mfuko wa risasi uukung'ute kila kona, na usiutumie kwa safari nyingine yoyote. Nilipokuwa nafunga mizigo ya kwenda Dar es Salaam niliona risasi moja ya milimita 9 kwenye kimfuko cha chaja ya simu, chini ya khanga za mama. Niliutoa mzigo wote sebuleni, nikaupanga upya kipande kwa kipande, mpaka alfajiri.