Benki inakuzungusha kwenye mkopo wa nyumba? Namna ya kuibana kwa makaratasi yake yenyewe

Wadau, hii ni kwa yeyote mwenye mkopo wa nyumba ambaye anaona deni halishuki, rejesho limepanda ghafla, na kila akiuliza anajibiwa "ndo mfumo unavyokokotoa". Mfumo haujiwekei riba wenyewe, kuna mtu kauingizia, na huyo mtu anabanwa na mkataba kama wewe unavyobanwa.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu nia njema, yaani wajibu wa benki kukutendea kwa uaminifu. Ukishindwa kabisa kulipa benki ina haki ya kuuza nyumba, hilo ulilisaini, na hakuna mahakama itakayoilazimisha ikuonee huruma. Inachodaiwa ni kufuata ilichoandika, kukupa hesabu ya kweli ukiiomba, kutokukuahidi hili mdomoni huku inafanya lile nyuma yako, na ikifika kuuza isiuze kwa bei ya kutupa. Malalamiko mengi yanafia njiani sababu mtu anaenda kulalamikia roho mbaya ya benki wakati alitakiwa aonyeshe kifungu fulani kimevunjwa tarehe fulani.

Kwa hiyo anza na makaratasi. Barua ya ofa, mkataba wa mkopo, hati ya rehani, ratiba ya marejesho ya siku ya kwanza, barua zote za kubadilisha riba, bima, na taarifa ya akaunti ya mkopo tangu ulipochukua hela. Nasisitiza akaunti ya MKOPO, wengi wanapewa ile ya akaunti ya mshahara wanaondoka wameridhika, humo hakuna kitu. Omba kwa barua, peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, wakigoma kugonga itume hapohapo kwa barua pepe ili tarehe ibaki mahali.

Ukishapata taarifa, kagua riba, ni hesabu ya simu tu. Tuseme deni la msingi lililobaki ni milioni 5 na mkataba unasema 13% kwa mwaka: 5,000,000 mara 0.13 gawa kwa 12 unapata kama 54,167 riba ya mwezi. Kama kwenye taarifa riba imesomeka 60,417 basi umehesabiwa 14.5%. (Kama benki inahesabu kwa siku namba itapishana kidogo, ila sio kwa kiasi hicho.) Hapo unatafuta barua iliyokujulisha kupanda, kifungu kinachoruhusu kupandisha, na kile kipimo ambacho riba yako inatakiwa kukifuata (mfano riba ya benki kuu). Riba ya kubadilika haina maana benki inabadilisha inavyojisikia, na kama kipimo kimeshuka ya kwako ikabaki juu, uliza kwa maandishi kwa nini. Ayalandi wateja zaidi ya 40,000 waliondolewa au kunyimwa riba iliyotakiwa kufuata ya Benki Kuu ya Ulaya, wengine hadi wakapoteza nyumba, na ilipokaguliwa kuanzia 2015 benki zikalazimika kurudisha hela. Hispania nako mikataba mingi ilikuwa na kifungu kwamba riba isishuke chini ya kiwango fulani, watu hawakuelezwa vizuri, Mahakama Kuu ya huko ikavifuta vifungu vya namna hiyo 2013 na mwaka 2016 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema hela irudishwe kuanzia siku ya kwanza. Hizo ni benki kubwa zenye mawakili na bado zilikosea, kwa hiyo usione aibu kuuliza.

Alafu faini, na hapa ndo naomba usome taratibu maana ndo panaliza watu wengi. Chukulia rejesho lako ni 60,000 na faini ya kuchelewa ni 1,500. Mwezi wa tatu umechelewa siku mbili, umepigwa 1,500, sawa, ilikuwa halali. Mwezi wa nne umelipa 60,000 yako mapema kabisa, ila benki inachomoa kwanza ile 1,500, kwenye rejesho inaingia 58,500, mfumo unasoma umepunguza, unakupiga 1,500 nyingine. Mwezi wa tano hivohivo, wa sita hivohivo, hadi mwezi wa kumi na mbili umeshapigwa faini kumi, 15,000, kwa kosa moja la siku mbili, na kwenye rekodi unaonekana ni mchelewaji sugu! Marekani sheria inakataza kabisa kurundika faini hivyo. Kuiona ni rahisi, chora jedwali la safu nne: tarehe, nilicholipa, kilichoingia kwenye rejesho, kilichokatwa kwingine. Safu ya nne ikiwa na kitu kila mwezi, umeshapata pa kushikia.

Angalia na bima. Kuna benki inakukatia bima ya nyumba ya bei mbaya kwa madai kwamba ya kwako imeisha, kumbe ipo hai ila hawajaiweka kwenye faili. Kila ukihuisha bima wapelekee nakala na muhuri ugongwe.

Ukianza kukwama kimaisha, kazi imeisha au umeumwa, andika mapema kuomba marejesho yapangwe upya, usisubiri notisi ya benki kwamba itauza nyumba. Na hapa kuna mtego mbaya: ofisa mikopo anakwambia "tulia, maombi yako yanashughulikiwa" wakati ofisi nyingine ya benki hiyohiyo inaandaa mnada. Marekani ilitokea sana hadi kuanzia 2014 kanuni zikazuia kuanza kuuza nyumba huku maombi yaliyokamilika bado yanapitiwa. Ahadi yoyote ya mdomo, siku hiyohiyo andika barua pepe fupi: "Leo umeniambia mnada umesimama mpaka maombi yangu yajibiwe, kama nimekosea naomba unirekebishe." Akikaa kimya, huo ukimya utakusaidia baadaye.

Wakikuletea mkataba mpya soma kurasa za mwisho, mara nyingi kuna kamstari kanasema unakubali deni ni sahihi na huna dai lolote dhidi ya benki. Ukisaini hapo umefuta kila ulichokigundua, bora uombe kitolewe au umwone wakili kwanza.

Kitu kimoja tafadhali sana: usiache kulipa kwa hasira. Lipa sehemu usiyoibishia na uandike kwamba unalipa bila kukubali hesabu yao. Mwenye malimbikizo makubwa hasikilizwi hata kama benki imekosea.

Malalamiko yaanzie tawini, kisha kitengo cha malalamiko makao makuu, kisha msimamizi wa mabenki au msuluhishi kama nchi yako inaye, kisha mahakama. Barua iwe ukurasa mmoja: kifungu, tarehe, kiasi, unachotaka, na siku za kujibu.

Ikifika kwenye notisi usifungie barua kabatini, siku zinahesabika. Hakiki deni, tarehe, na nani kasaini. Mwaka 2010 ilibainika Marekani wafanyakazi wa benki walikuwa wanasaini viapo vya kuthibitisha madeni ili nyumba ziuzwe, kwa maelfu, bila kufungua mafaili, na 2012 benki tano kubwa zikakubali suluhu ya takriban dola bilioni 25. Tafuta mthamini wako mwenyewe na soma tangazo la mnada neno kwa neno. Kuna kesi ya Uingereza ya 1971, Cuckmere Brick, kiwanja kilikuwa na kibali cha kujenga fleti 100 lakini tangazo la mnada halikukitaja, mahakama ikasema anayeuza dhamana lazima achukue tahadhari apate bei halisi ya soko. Tangazo likiacha vyumba, kibali au ukubwa wa eneo, waandikie kabla ya siku ya mnada, na mnada ukipita omba hesabu ya mauzo, sababu kinachozidi deni na gharama halali ni hela yako.