Kabla hujaigusa hadidiski inayogoma kusoma

Hadidiski ya kompyuta ya nyumbani ikianza kugoma kusoma, faili linafunguka nusu au folda moja inazunguka tu dakika nzima, wengi wetu tunakimbilia kuitengeneza, na hapo ndo tunapoharibu. Mi picha za mwanangu wa kwanza, miaka yake miwili yote ya mwanzo, zilienda hivyohivyo. Windows ikaniambia diski ina hitilafu, nikabonyeza irekebishwe, ikaskani usiku kucha na asubuhi diski haionekani kabisa. Bado inaniuma, ndo maana naandika.

Diski ya hivyo imebakiza usomaji wa kuhesabu, na wewe hujui ni saa kumi au dakika kumi. Ile chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ukiipa /r inapita diski nzima, mpaka sehemu tupu ambazo huna kitu, na ikikuta faili haliungani inaweza kulikata vipandevipande ikavitupia kwenye folda ya found.000. Imeundwa kuponya mpangilio wa diski, vitu vyako sio kazi yake. Kwa hiyo okoa kwanza, kutengeneza baadaye, na kuokoa kunataka maandalizi.

Kwanza pa kukopia, na isiwe patisheni nyingine ya diski hiyohiyo, maana nimeona watu wanahamisha kutoka D kwenda E wakidhani wamepona. Tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Angalia imefomatiwa vipi, kama ni FAT32 basi faili linalofika 4GB halikai, video ya harusi itagoma katikati na utadhani diski mbovu ndo imekataa, weka exFAT au NTFS mapema. Na tundu la USB nalo angalia, yale ya zamani terabaiti moja inaweza kula saa 8 au 9 hata diski ikiwa nzima kabisa, sasa mbovu je?

Halafu umeme. Huku Tanga ukianza kukopi saa mbili usiku sijui nani atakuhakikishia mpaka alfajiri. Kama ni desktopu azima UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, kama ni laptopu hakikisha betri inashika chaji, na zima ile setingi ya kompyuta kulala yenyewe. Diski mgonjwa ikizimika ghafla ikawashwa tena, huko kuwaka upya kwenyewe ni kazi nzito kwake.

Sasa waya, na hapa watu wa pwani tusikilizane vizuri. Mwaka jana mamdogo yangu wa Sahare aliniita, desktopu yake inakwama, na ndani mle kuna sauti za marehemu babu alizokuwa anamrekodi kwa simu, babu akisimulia mambo ya zamani, faili 41. Nikachomoa umeme ukutani, nikafungua kasha, nikavuta ile kebo ya data ya SATA, ile nyembamba yenye pini 7, nikaisogeza dirishani kwenye mwanga. Pini mbili za pembeni zina ukungu wa kijani, na kichwa cha kebo kinachezacheza ukikigusa. Dirisha linatazama bahari na halifungwi mwaka mzima, upepo una chumvi. Kebo ni kitu cha bei ndogo, uwe na moja mpya mkononi kabla hujaitukana diski.

Utajuaje ni kebo au ni diski yenyewe? Weka programu ya CrystalDiskInfo, ya bure, utaona mistari mingi ila mi naangalia minne. C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na kompyuta, hiyo mara nyingi ni kebo, na namba yake hairudi chini hata ukibadilisha kebo, we angalia kama inaendelea kupanda au imetulia. C5 ni sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazisubiria, C6 ni zile ilizojaribu na hazisomeki, 05 ni zile imeshazihama. Hizo tatu zikipanda siku hadi siku, diski inakufa, hata kama juu imeandikwa ni nzima. Ya mamdogo ilikuwa na vyote, C7 imejaa na C5 nayo inapanda, kwahiyo kebo nilibadilisha ila sikujidanganya kwamba tumemaliza.

Ukisikia tk, tk, tk, halafu kimya, halafu inaanza kuzunguka upya, usipime chochote wala usiwashe tena, zima upeleke kwa anayefanya kazi ya kuokoa data tu. Usiifungue, kile kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Na ile habari ya kuiweka friza achaneni nayo jamani, kwa unyevu wa huku ukiitoa tu inalowa matone ya maji.

Kama utaitoa diski kwenye laptopu, kwanza tafuta kama imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha data, na ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48 uiandike kwenye karatasi. Usipofanya hivyo utakopi vitu usivyoweza kuvisoma.

Windows yenyewe ikiwaka inaweza kuanza kuskani bila kukuuliza vizuri, inakupa sekunde chache ubonyeze kitufe chochote kuizuia, ndo maana mi napenda kuwasha kwa flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine wa bure usio Windows. Huko unaweka programu ya ddrescue ya kuvuta diski nzima, inachukua kwanza panaposomeka kirahisi na pagumu inaparudia mwishoni, inaandika na ramani ya ilipofika ili umeme ukikata uendelee. Ila hakikisha kwa amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zote, ipi ni mbovu na ipi ni mpya, angalia ukubwa, ukizigeuza umejifutia mwenyewe.

Kwa mamdogo sikuvuta nzima. Nilimuuliza, mamdogo, ukiambiwa uchague folda moja tu, ipi? Akasema ya mzee. Tukaanza na hiyo, halafu picha, halafu vyeti vya watoto, muvi na miziki nikaacha. Zikatoka zote 41, majina yapo, ukubwa upo, lakini faili linaweza kuwa na jina na ukubwa na katikati limeoza, kwahiyo mamdogo akakaa na hedifoni siku tatu anasikiliza moja moja mpaka mwisho. Mbili zilikatika. Hizo mbili tu ndo nikairudia diski ya zamani, mara ya nne moja ikatoka.