Jinsi ya Kuvuna Upupu na Kuandaa Mbegu Zake

Aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa upupu ni nini, kwani vipindi vingi vimevunjika kwa sababu ya dawati lililopakwa vumbi lake. Anayeutafuta kwa ajili ya dawa, hata hivyo, hana budi kuutambua ukiwa porini: ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya vichaka kandokando ya mashamba yaliyoachwa, wenye majani matatu matatu kama ya maharage, maua ya zambarau yanayoning'inia kwa vishada, na maganda yaliyopinda kama herufi S, yaliyojaa vinyweleo vya kahawia.

Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyowasha, na ganda likikauka hupeperuka kwa mguso mdogo tu. Vuna asubuhi kabla umande haujakauka, ukisimama upande unakotoka upepo, ukiwa umevaa glavu na shati la mikono mirefu, na umefunika macho na pua. Kata kikonyo kwa mundu, uache kishada kidondokee ndani ya ndoo ya maji. Baadaye yachemshe maganda yenyewe, kwa kuwa kinachowasha ni kimeng'enya ambacho joto kali hukiharibu. Ukipatwa, usijikune, bandika seloteipu juu ya ngozi na kuibandua mara kadhaa ili ing'oe vinyweleo, ndipo uoshe. Vidonge vya mzio havisaidii sana, maana muwasho huu hautegemei histamini, kemikali ya mwilini inayoleta muwasho wa mzio.

Mbegu ndizo dawa, na kwa maoni yangu ni za kuogopwa kuliko vinyweleo. Zina levodopa, dawa ile ile wanayopewa hospitalini wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka, na waganga wa Ayurveda nchini India wamezitumia tangu kale kwa maradhi ya kutetemeka. Kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, hivyo kijiko cha unga si kipimo. Mwaka 1989, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 200 walichanganyikiwa baada ya kula mbegu ambazo hazikuandaliwa ipasavyo.

Kwa chakula, ziloweke usiku kucha, uzimenye, uzichemshe na kumwaga maji, kisha urudie kwa maji mapya mara kadhaa. Kwa tiba, usijipimie mwenyewe. Mjamzito, mwenye maradhi ya akili na anayetumia dawa za Parkinson au za presha asiziguse bila daktari. Maji ya kuchemshia yasipikiwe mchuzi wala kunyweshwa mifugo.