Cairo hadi Aswan kwa treni: kabla ya tiketi, saa

Mwezi uliopita nilimzungusha mjomba Misri kwa siku nane. Tangu arudi Tanga, simu yangu haipoi: kila mtu anauliza tulipitaje. Basi, hivi.

Hatua ya 1: Anzia mbali. Panda treni Cairo mpaka Aswan moja kwa moja, karibu kilomita 880, halafu rudi kidogo kidogo kupitia Luxor. Wengi huanza na Luxor. Mimi sipendi, maana ukianzia mbali kila siku inakusogeza karibu na uwanja wa ndege.

Hatua ya 2: Tiketi. Kata siku chache kabla, pasipoti mkononi. Chukua treni ya mchana yenye kiyoyozi. Ya usiku unalipia giza. Mchana mjomba alikaa dirishani akitazama miwa, mitende na punda waliobebeshwa majani, na jangwa linaloanza ghafla pale maji ya Nile yanapokoma. Angalia pia stesheni iliyoandikwa: Ramses, Giza na Bashtil zote ni za kuhudumia Cairo, lakini kila moja iko mahali pake.

Hatua ya 3: Saa. Hapa soma polepole. Mwaka wangu wa kwanza Cairo, mwenyeji wangu aliniambia treni inaondoka "is-saa tis'a bil-leil". Nikasema moyoni, aa, saa tisa usiku, Kiarabu si ndicho hiki hiki chetu! Nikalala. Saa nane na nusu usiku niko stesheni na begi langu, mlinzi ananitazama kwa huruma. Treni ilikuwa imeondoka saa tatu.

Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, sisi kuanzia machweo na mawio. Kwa hiyo *sitta* yao ni saa kumi na mbili yetu, *sab'a* ni saa moja, *tis'a* ni saa tatu. Ukisikia *khamsa* au *tamanya* utasita ufikiri, kwa sababu sisi tunasema tano na nane. Hatari iko kwenye haya matatu tuliyoyachukua kwao, sikio linayapokea kama ya nyumbani. Usikubali saa ya mdomo. Omba iandikwe kwa mtindo wa saa 24. 21:00 haina ubishi.

Ikiandikwa kwa tarakimu zao, kumbuka ٥ ni tano, si sifuri (sifuri ni nukta), na ٦ ni sita ingawa inafanana na saba ya kizungu. Ndivyo mtu anavyokalia kiti cha mwenzake. Aliyezoea namba za aya msahafuni hana shida; mjomba ni mwalimu wa madrasa, alilipata behewa letu kabla yangu. Na majira ya baridi Misri iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, kwa hiyo saa ya mkononi irekebishe.

Hatua ya 4: Ziara. Abu Simbel hakuna reli. Magari ya watalii hutoka Aswan alfajiri; dereva akisema *arba'a*, ni saa kumi. Mahekalu yale yalikatwa vipande na kupandishwa juu kati ya 1964 na 1968, yasizamishwe na ziwa la Bwawa Kuu la Aswan.

Aswan hadi Luxor pia usipande treni. Chukua basi dogo linalosimama kwenye mahekalu ya Kom Ombo na Edfu. Stesheni ya Edfu iko ng'ambo ya mto, hekalu liko upande wa pili, utahangaika. Uliza kabla ya kulipa kama viingilio vimo ndani ya bei, na uwe na kadi ya benki.

Hatua ya 5: Luxor. Stesheni na mahekalu ya Karnak viko mashariki ya mto, Bonde la Wafalme, penye makaburi ya mafarao, magharibi. Vuka kwa kivuko cha wananchi. Tiketi ya kawaida ya Bonde ni ya makaburi matatu. La Tutankhamun lina tiketi yake.

Hatua ya 6: Kurudi. Kama umefikia upande wa Piramidi, shukia Giza, usingoje Ramses. Treni haikai Giza, mizigo iwe mlangoni mapema.