Kukausha nyama ya ng'ombe kwa eafraya ukiwa Dar

Eafraya ina koili ya moto na feni juu yake. Kwenye chipsi koili ndiyo inayofanya kazi kubwa, lakini kwenye nyama kavu kazi ni ya feni: upepo wa moto unapita juu ya vipande, unachukua maji na kutoka nayo kwa nyuma. Ndiyo maana mashine hii inafaa kuliko kuanika juani, hasa kwa sisi wa Pwani. Anayekausha nyama Dodoma au Longido ana hewa kavu inayomsaidia. Dar hewa imejaa unyevu wa bahari, nyama inashinda kwenye kamba ikiwa nusu mbichi, na nzi wanafika kabla jua halijapanda.

Kabla ya kununua nyama, iangalie mashine yako. Zenye kitufe cha kukaushia zinashuka hadi nyuzi joto 60 au chini ya hapo, na hizo ndizo bora. Zile za bei ya kawaida zinazojaa Kariakoo, za kuzungusha kinobu, nyingi zinaanzia 80. Nazo zinakausha, ila zina masharti yake, tutayafikia. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kinobu. Weka kipimajoto cha ovena ndani ya kikapu kitupu, washa kwa dakika 15 kwenye joto la chini kabisa, kisha soma. Tofauti ya nyuzi 10 si ajabu.

Nyama

Mwambie muuza bucha akukatie steki ya paja la nyuma, kipande kizima, na asikukatekate. Sarara ni kupoteza pesa: ulaini unaoulipia unaishia kwenye kukausha. Nyama ya mbavu na kifua ina mafuta mengi, na mafuta hayakauki. Yanabaki, yanachacha, na baada ya siku chache pakiti nzima inanuka. Bahati nzuri ng'ombe wetu wa asili, yule wa nundu anayepita mnada wa Pugu, hana mafuta mengi ndani ya mnofu, kwa hiyo kazi imeshapungua nusu. Nenda buchani asubuhi, nyama ikiwa imetoka machinjioni. Iliyoning'inia mpaka saa kumi jioni kwenye joto la Dar ipike mchuzi siku hiyo hiyo.

Nunua kilo moja na robo ili ubaki na kilo moja safi. Ondoa kila mafuta unayoyaona, pamoja na ule utando mweupe unaong'aa, kwa sababu ukikauka unakuwa plastiki mdomoni. Kilo moja safi itakupa gramu 350 hadi 450 za nyama kavu. Watu wengi hushtuka hapa, lakini kilichopotea ni maji.

Ifunge nyama na uiweke kwenye friza saa moja na nusu, mpaka iwe ngumu nje lakini kisu bado kinapita. Ndipo ukate. Nyama laini inateleza chini ya kisu na vipande vinatoka kimoja kinene kimoja chembamba, kisha chembamba kinakuwa mkaa wakati kinene bado kibichi. Lenga milimita 4, sawa na kadi tano za benki zikipangwa pamoja. Kama mashine yako haishuki chini ya 80, kata milimita 3.

Angalia nyuzi za nyama zinalala upande gani. Ukizikatisha, nyama kavu inavunjika kirahisi mdomoni. Ukizifuata, inakuwa ya kuvuta na kutafuna muda mrefu. Wapo wanaoipenda hivyo, lakini kwa ng'ombe wa asili, ambaye ametembea sana maisha yake, ni bora kukatisha.

Viungo

Kwa kilo moja ya nyama safi:

Sosi ya soya, vijiko 5 vya mezani
Siki, vijiko 2 vya mezani
Chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chai
Sukari guru iliyokunwa, kijiko kimoja na nusu cha mezani
Kitunguu saumu cha unga, kijiko kimoja na nusu cha chai
Pilipili manga ya kuponda, vijiko 2 vya chai
Giligilani ya mbegu, iliyokaangwa kavu na kupondwa nusunusu, kijiko kimoja cha mezani
Pilipili kichaa ya unga, kadiri ya uwezo wako

Chumvi ya kijikoni pamoja na iliyomo kwenye sosi inafika karibu gramu 20 kwa kilo. Usizidishe kwa kuonja nyama ikiwa mbichi. Maji yakitoka, chumvi iliyoingia kwenye nyama inabaki kwenye gramu 400, na kilichoonekana hakijakolea kinakuwa kikali. Sukari pia usiizidishe, inang'ang'ania kwenye kikapu na inaungua.

Sasa jambo linaloharibu nyama ya wapishi wazuri kabisa. Aliyezoea mishkaki mkono wake unakwenda wenyewe kwenye papai bichi na tangawizi mbichi. Hapa viache. Vimeng'enya vyake vinavunja nyuzi za nyama, na kwa kipande cha milimita 4 kinachokaa usiku kucha, unaamka na uji. Ukiokota kipande kinakatikia mkononi, na kikikauka kinakuwa vumbi. Ukitaka ladha ya tangawizi tumia ya unga, na tena kidogo.

Changanya vyote isipokuwa giligilani na nusu ya pilipili manga. Weka nyama humo, ikande kila kipande kipate, funika, weka kwenye friji saa 6 hadi 12. Kwenye friji, si mezani.

Iive kwanza, ndipo ikauke

Hatua hii ndiyo inayorukwa na mapishi mengi ya kwenye simu, nayo ndiyo inayokulinda tumbo. Maji yanapotoka kwenye nyama yanaipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Mashine inaweza kusoma 70 huku nyama yenyewe iko 45 kwa muda mrefu. Wakati huo bakteria kama salmonela na E. koli hawafi. Baya zaidi, wakishakaukia ndani wanakuwa sugu, na joto ambalo lingewaua nyama ikiwa mbichi haliwaui tena. Wizara ya Kilimo ya Marekani, nchi ambayo nyama hii ni kitafunwa cha kila duka, inashauri nyama ya ng'ombe ifikishwe nyuzi joto 71 kabla ya kuanza kukaushwa.

Mimina nyama na mchuzi wake kwenye sufuria pana, ongeza nusu kikombe cha maji, weka moto wa wastani. Geuzageuza ili joto lifike kote. Ikianza kuchemka, hesabu dakika 3, kisha toa kipande kinene kuliko vyote, kikunje kuzunguka ncha ya kipimajoto na usome. Ikiwa 71 au zaidi, ipua. Bila kukikunja hivyo, utapima hewa tu, maana kipande ni chembamba. Rangi nyekundu itaondoka na kuwa kahawia. Ile nyekundu ya nyama za dukani mara nyingi inatokana na chumvi maalumu za kuhifadhia, ambazo zikizidi ni sumu, na nyumbani hazihitajiki.

Chuja, mwaga mchuzi, kausha vipande kwa tishu za jikoni. Kausha kweli, kila upande. Maji unayofuta sasa kwa dakika 2 yangekula nusu saa ya umeme. Kisha nyunyiza giligilani na pilipili manga uliyobakiza. Zingeingia mapema zingebaki kwenye sufuria.

Kwenye mashine

Kikapu cha lita 4 au 5 kinabeba gramu 400 hivi za vipande, si kilo nzima. Kwa hiyo kilo moja ni mizunguko miwili au mitatu, na vinavyosubiri vikae kwenye friji. Ukipanga vipande vikapandana, palipogusana patabaki pabichi, na hapo ndipo ukungu utaanzia.

Njia nzuri ya kuongeza nafasi ni vijiti vya mishkaki. Vikate viwe virefu kidogo kuliko upana wa kikapu, vichomeke kwenye ncha ya kila kipande, kisha vilaze juu ya ukingo ili nyama ining'inie kama nguo kwenye kamba. Acha upana wa kidole kati ya kipande na kipande. Hakikisha droo inafunga vizuri na vijiti havigusi koili. Kama droo haifungi, laza vipande kwenye kikapu kwa safu moja na uweke waya wa kuchomea nyama juu yake. Waya huo una kazi. Vipande vikishakauka vinakuwa vyepesi, feni inavinyanyua na kuvibandika kwenye koili, na unachosikia mwanzo ni harufu ya kuungua. Usitandike foili chini ya kikapu, inaziba njia ya upepo.

Kwa nyuzi joto 70, tegemea saa 2 na nusu hadi 4. Kwa 80, saa 1 na nusu hadi 2 na nusu, na uanze kuangalia mapema, ikifika saa 1 na robo. Tatizo la 80 ni kwamba nje inakauka haraka na kufanya gamba, maji ya ndani yanakosa pa kutokea. Kipande kinaonekana tayari, kinalia kikavu, na siku ya tatu kinaota ukungu. Ndiyo sababu ya kukata milimita 3. Usijaribu kupunguza joto kwa kuacha droo wazi kidogo. Mashine nyingi zinajizima droo ikitoka.

Geuza vipande kila nusu saa. Vya karibu na koili vinakauka kwanza, vitoe vinapokuwa tayari, usisubiri wenzake. Mashine ya kinobu ina saa ya dakika 30 au 60 tu, kwa hiyo weka kengele kwenye simu usije ukaisahau imezimika.

Umeme je? Eafraya ya wati 1,500 haili wati hizo muda wote, kwa sababu kwenye joto la chini koili inawaka na kuzima. Ukitaka kujua gharama yako halisi, soma uniti kwenye mita ya LUKU kabla na baada ya mzunguko mmoja, vitu vingine vikubwa vikiwa vimezimwa. Umeme ukikatika katikati, usifungue droo kwa dakika 10 za mwanzo. Ukichelewa kurudi, hamishia nyama kwenye friji isipite saa moja, maana jikoni kwetu joto likivuka 32 bakteria wanazaana haraka. Utaendelea ukirudi.

Kujua kama imekauka

Toa kipande kimoja, kiache kipoe dakika 5. Kikiwa cha moto kinadanganya, kinakuwa laini hata kama kimeshakauka. Kikunje. Kinatakiwa kipasuke pale kilipojikunja na kuonyesha nyuzi nyeupenyeupe, lakini kisikatike vipande viwili. Kikijikunja bila kupasuka, bado. Kikikatika kama kijiti, kimepitiliza, na hilo ni kosa dogo. Ukiwa na mizani hutabahatisha: pima nyama mbichi iliyosafishwa na pima tena mwisho. Ikifika asilimia 40 ya uzito wa mwanzo, uko sawa.

Futa mafuta yaliyotoka juu yake kwa tishu.

Kuhifadhi

Hapa ndipo Dar inapokunyang'anya kazi yako. Nyama kavu iliyoachwa kwenye sahani usiku mmoja wakati wa masika inavuta unyevu na kuwa laini tena. Ipoze nusu saa kwenye waya, mbali na sufuria inayochemka, kisha moja kwa moja kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Ikiingia ikiwa ya moto, mvuke wake utaganda kwenye kioo na kuirudia.

Iache kwenye chupa siku moja na uitazame. Ukiona ukungu wa mvuke ndani ya kioo, nyama yote irudi kwenye mashine dakika 20 au 30. Baada ya hapo ikae nje wiki mbili, isizidi, na kila unapofungua chupa unaingiza hewa ya nje, kwa hiyo chupa ndogo nne ni bora kuliko moja kubwa. Ya kukaa zaidi iweke kwenye friji au friza ikiwa imefungwa vizuri. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinasaidia, ila viwe vya chakula, si vile ulivyovitoa kwenye boksi la viatu.

Ukiona doa jeupe lenye manyoya au la kijani, tupa chupa nzima. Usikwangue. Unga mweupe mkavu unaosagika kama chumvi unaweza kuwa chumvi tu, lakini ukishindwa kutofautisha, tupa.

Vile vipande vilivyopitiliza vikawa kama kuni, viloweke dakika 20 kwenye maji ya moto, vichane na uvitie kwenye mchicha wa nazi au maharage. Usiongeze chumvi mpaka uonje.