Kupima umakini usiosogeza macho, kwa laptopu tu

Mtu anaweza kukukazia macho huku akili yake yote iko kwa anayepita mlangoni. Kuna jaribio la kulinasa jambo hilo kwa namba. Mwanasaikolojia Michael Posner wa Marekani alilieleza mwaka 1980, nami huwafanyisha wanafunzi kwa PsychoPy, programu ya bure.

Hatua ya 1. Weka msalaba mdogo katikati ya skrini na kisanduku kitupu kila upande. Mshiriki akae kama sentimita 60 kutoka hapo, akodolee msalaba.

Hatua ya 2. Linda macho yasihame. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: nilikusanya data siku nzima, kisha mshiriki mmoja akaniambia, tena kwa fahari, kwamba alikuwa "anaikimbiza taa" kwa macho. Nikafuta kila kitu. Siku hizi naegemeza simu chini ya skrini irekodi macho, na raundi ambayo yamehama naitupa.

Hatua ya 3. Kisanduku kimoja kimulike kwa milisekunde 50. Kisha nukta itokee ndani yake au ndani ya mwenzake, nusu kwa nusu, ikiwa ni milisekunde 100 au 800 tangu mmuliko uanze. Mshiriki akiiona tu, abonyeze kitufe cha nafasi. Katika kila raundi 6, moja isiwe na nukta kabisa, la sivyo watu watabonyeza kwa mazoea. Skrini nyingi huchora picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mimi huhesabu picha badala ya milisekunde: 3 kwa 50, 6 kwa 100 na 48 kwa 800.

Hatua ya 4. Raundi 20 za mazoezi, halafu 240 za kweli, na mapumziko katikati.

Hatua ya 5. Ondoa majibu ya chini ya milisekunde 150 (huyo alikisia) na ya zaidi ya 1000. Tafuta mediani (jibu la katikati ukiyapanga kwa muda) ya kila kundi kati ya manne: upande uliomulikwa au mwenzake, kwenye 100 au 800.

Kwenye 100, upande uliomulikwa kwa kawaida hujibiwa haraka zaidi. Kwenye 800 mambo hugeuka: upande uleule ndio unaochelewa, kana kwamba ubongo umeshapakagua pale na hautaki kurudi. Nilipouona ugeuko huo kwa mara ya kwanza nilidhani nimebadilisha majina ya safu.

Sehemu inayohusika sana iko kwenye paa la ubongo wa kati: vivimbe viwili vidogo, kolikulasi za juu, kila kimoja kikishughulikia upande wa pili wa uoni. Mwaka 2010 watafiti Lovejoy na Krauzlis walizima kwa dawa sehemu ndogo ya kolikulasi za nyani. Nyani waliendelea kuona, ila kazi ya kuchagua iliwashinda: cha kuzingatia kikiwa upande unaoshughulikiwa na sehemu iliyozimwa, walivutwa na cha kupotosha. Hata samaki anayetungua wadudu kwa kuwatemea maji, asiye na gamba la ubongo (tabaka lake la nje) kama letu, alikutwa mwaka 2013 na ucheleweshaji huohuo.

Hatua ya 6, kwa mwenye hamu. Badala ya mmuliko, weka mshale katikati unaoelekeza upande sahihi mara 8 kati ya 10. Linganisha na data yako ya kwanza: ugeuko wa 800 kwa kawaida hautokei.