Kupima maji ya kijito kabla ya kufunga pampu

Kijito cha Pemba kilichojaa mwezi wa Aprili hakikuambii kitu. Masika kila mtu ana maji. Ugomvi huanza Januari na Februari, vuli ikishakatika, na tena Agosti na Septemba. Pimeni miezi hiyo, kila wiki, baada ya siku tatu zisizo na mvua.

Mahali pa kupimia pawe juu ya mkoko wa mwisho. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yakijaa huurudisha mto nyuma, nawe ukipima huko chini utasoma kina kikubwa cha maji yasiyokwenda popote. Nenda kaangalie bamvua inafika wapi, kisha panda zaidi.

Kwa kijito chembamba, ubao wenye V hauna mshindani. Chukua bati nene au ubao mgumu, kata V ya nyuzi 90, ukingo wake uwe mwembamba. Usimamishe wima kukatiza kijito na uzibe chini na pembeni kwa udongo wa mfinyanzi na viroba vya mchanga. Maji yanayopenya pembeni hayahesabiki. Upande wa chini maji yaanguke wazi, angalau sentimita 5 chini ya ncha ya V.

Kina usikisome kwenye V yenyewe, kwani hapo maji yameshaanza kuinama. Rudi nyuma ya ubao umbali wa mara nne ya kina au zaidi, pigilia kigingi ambacho kichwa chake kiko sawasawa na ncha ya V (mpira wa maji wa fundi mwashi unatosha kusawazisha), kisha simamisha rula juu yake. Sentimita 5 ni lita 0.8 kwa sekunde. 10 ni lita 4.4, 15 ni lita 12. Ukisoma 11 badala ya 10 umeongeza robo nzima ya maji ambayo hayapo.

Mto mpana hupimwa kwa chungwa, linalozama karibu lote na halisukumwi na upepo. Liache lielee mita 10, mara tano, utafute wastani wa kasi. Zidisha kwa upana na kina cha wastani, halafu kwa 0.85, penye mawe na majani mengi tumia 0.65.

Sasa watumiaji. Pita bondeni na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) na wakulima wenyewe, mwandike kila mfereji, mpira, pampu, na visima vifupi vya kando ya kijito pia, maana vinanyonya maji yaleyale. Kuwa na shamba si kuwa na haki ya maji. Sheria ya maji ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 na bodi zake za mabonde hazifiki huku. Zanzibar ipo Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006, iliyounda ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, na huko ndiko pa kuulizia kibali.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mpunga wa eka tatu hutaka kama lita 1.2 kwa sekunde, usiku na mchana. Wakulima watatu wa namna hiyo ni lita 3.6. Kijito cha lita 4.4 kimebaki na 0.8, na hapo nyumba za chini hazijateka hata ndoo.

Pampu ya inchi 2 huweza kuvuta lita 8 kwa sekunde. Mwenyewe atasema anaiwasha saa tatu tu kwa siku, na jumla yake kweli inaweza kuwa ndogo. Lakini katika saa hizo tatu kijito chini yake kinakauka, samaki wa vidimbwi wanakufa, na bahari ikijaa haikuti maji matamu ya kuizuia isipande kwenye mpunga. Afadhali bomba dogo lijaze bwawa polepole usiku kucha, pampu ivute bwawani.

Kwa hiyo kibali kitaje lita kwa sekunde, si inchi za bomba. Na chini ya mtumiaji wa mwisho wekeni kigingi chenye alama ya rangi: maji yakishuka hapo, pampu zote zinazimwa, ya aliye juu kabisa ikianza.